Taa ya Onyo Huona Waya Wake Tu

Ndugu Mwenyekiti, mafundi wenzangu, madereva, nanyi wenye magari mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, nawashukuru. Nimeombwa nizungumzie hitilafu za umeme katika magari yaliyokula chumvi nyingi, hasa zile taa nyekundu na za njano za kwenye dashibodi. Nina jambo moja la kueleza: taa ya onyo haioni gari zima, huona waya wake tu, na fundi asiyejua waya huo unakwenda wapi atabadilisha vipuri vingi kabla hajatengeneza kitu.

Jaribio la kwanza halihitaji hata bisibisi. Washa swichi bila kupiga stata, kisha tazama dashibodi: taa ya chaji, ya oili na ya injini zote zinapaswa kuwaka, halafu zizimike injini ikishanguruma. Taa ambayo haikuwaka kabisa hapo itiliwe shaka kuliko iliyowaka, kwa sababu huenda balbu imeungua, au kuna mtu aliyeichomoa ili mnunuzi asiulize maswali. Anayenunua gari lililokwisha kutumika afanye jaribio hili kabla ya kutaja bei.

Taa ya chaji nitaikalia kidogo. Upande mmoja wa balbu yake hupata umeme kutoka kwenye swichi, na upande wa pili umeungwa kwenye altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili ichaji betri. Altaneta ikiwa imesimama, umeme hupita kwenye balbu kuelekea huko, na balbu huwaka. Ikianza kuzalisha, volti za pande zote mbili hulingana, umeme unakosa pa kwenda, na balbu huzimika. Katika magari mengi ya zamani mkondo huohuo mdogo unaopita kwenye balbu ndio unaoiamsha altaneta, hivyo balbu ya bei ya soda ikiungua, altaneta nzima inaweza kukaa bila kuchaji ingawa haina ubovu wowote.

Msimu mmoja baada ya mvua nililetewa gari dogo kutoka Bahi, lililokuwa limebadilishiwa betri mara mbili na altaneta mara moja. Taa ya chaji ilizimika vizuri injini ilipowaka, lakini usiku taa kubwa zilififia na asubuhi stata ilikohoa tu. Nami nakiri kwamba nilianza kwa kuishuku altaneta. Niliwasha taa kubwa na feni, nikamwomba kijana wangu ashikilie resi kidogo, nikapima. Kwenye altaneta yenyewe, kati ya nguzo yake chanya na mwili wake, zilisoma volti 14.4, kwenye nguzo za betri, 12.9. Volti moja na nusu ilikuwa inapotea njiani. Nikaweka ncha moja ya multimita kwenye mwili wa altaneta na nyingine kwenye nguzo hasi ya betri, mahali panapopaswa kusoma chini ya 0.2, nikapata 1.3. Waya wa ethi wa injini, yaani ule wa kurudisha umeme kwenye nguzo hasi ya betri, ulikuwa umefungwa juu ya rangi na tope lililokauka, na nilipofungua bolti, unga wa kijani ulinidondokea kiganjani. Nilipiga msasa, nikakaza bolti, na betri ikasoma 14.2. Taa ya chaji haikuwa imesema uongo: altaneta ilikuwa inazalisha kweli, ila taa hiyo haina njia ya kujua kama umeme unafika.

Hapa kwetu vumbi jembamba la kiangazi huingia katika kila kiungio, kisha mvua za Desemba huligeuza kuwa tope linaloshika unyevu, kwa hiyo matatizo ya ethi hayatatuishia. Ukikanyaga breki na indiketa ikawaka hafifu pamoja nayo, usikimbilie dukani. Umeme uliokosa njia ya kurudi kwenye bodi unapitia balbu ya jirani.

Kuhusu taa ya oili sina maneno mengi. Ikiwaka safarini, zima injini hapohapo na upime oili kwa kijiti. Swichi yake huunganisha sakiti, yaani njia ya umeme, presha ya oili ikishuka, hivyo waya uliochubuka na kugusa injini nao huiwasha. Lakini hilo huthibitishwa kwa kufunga geji ya presha mahali pa swichi, si kwa kuendelea hadi Manyoni huku ukimwomba Mungu. Taa ya breki nayo huwashwa na swichi ya hendibreki au na boya lililomo kwenye kopo la oili ya breki. Pedi zikilika, oili hushuka. Mwenye gari huongeza oili, taa huzimika, na pedi zinaendelea kuisha.

Taa ya injini ndiyo inayopeleka watu kwenye kompyuta. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II, yaani wa gari kujichunguza na kuieleza kompyuta ya fundi hitilafu zake, katika magari madogo mapya kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikafuata kwa ya petroli mwaka 2001, lakini magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 hayazungumzi na kompyuta hizo. Katika Toyota nyingi za wakati huo, ukiunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya ndani ya kile kiboksi cha uchunguzi kilicho chini ya boneti, kisha ukawasha swichi, taa yenyewe hupepesa namba. Mara mbili, kituo, kisha mara moja, ni 21, yaani sensa inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi. Nasisitiza kwamba namba hiyo inataja sakiti: waya ulioungua au ekzosi inayovuja inaweza kuitoa ilhali sensa ni nzima.

Limebaki swali la betri inayolala nzima na kuamka imekufa. Betri iliyojaa na kupumzika husoma takribani volti 12.6. Balbu ya wati 5 iliyobaki ikiwaka ndani ya dashibodi hula karibu ampia 0.4, yaani ampia-saa 10 kwa siku, na betri ya ampia-saa 45 haifiki siku ya tano. Pitisha multimita ya ampia kati ya nguzo hasi na waya wake, gari likiwa limezimwa, kisha chomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi namba ishuke. Sasa tutoke nje. Gari la Mwenyekiti lina ugonjwa huu, na ameniruhusu tumfanyie mbele yenu.