Dakika Kumi za Kucheza na Kichanga Wako

Karibuni ndani. Leo tuko sebuleni kwetu hapa Mabatini, Mwanza, na huyu mnayemwona kwenye kanga ana wiki tatu na siku mbili. Aliyeshika simu ni baba yake, kwa hiyo picha ikitikisika mnajua wa kumlaumu.

Kila mgeni anayekuja kutuona anauliza: mtoto mdogo hivi mnacheza naye nini, si ananyonya na kulala tu? Kulala analala kweli, saa 16 hadi 17 kwa siku, vipande vipande. Ila katikati kuna vidakika yuko macho, katulia, hana njaa wala halii. Umri huu huwa dakika kumi, pengine tano. Hizo ndizo tunazozivizia.

Kwanza, mtazame kabla hujambeba. Baba yake, sogeza simu hapa usoni. Mnaona macho yalivyofunguka, yanang'aa? Vidole vimelegea. Ameshanyonya, nimemcheulisha, nepi ni kavu. Huyu yuko tayari. Angekuwa anabugia ngumi na kugeuzageuza mdomo, hapo anatafuta ziwa, si michezo.

Pili, nawa mikono kwa sabuni. Mume wangu anashinda mwaloni Kirumba kwenye dagaa, na hapa ndani sheria ni moja: hagusi mtoto mpaka aoge. Ila akishaoga asijipulizie manukato. Kichanga anamtambua mtu kwa harufu ya ngozi yake, na mama kwa harufu ya maziwa. Ukijipaka marashi unajificha.

Tatu, umbali. Hapa niwe mkweli, maana mtoto wetu wa kwanza nilimnunulia mdoli wa kuning'inia, wa kuzunguka na kupiga muziki. Pesa nzuri tu ilikwenda. Nikaufunga juu kabisa kwenye chandarua, nikakaa kusubiri afurahi. Hakuutazama hata mara moja. Alikodolea macho pindo la kanga yangu, ile ya weusi kwenye weupe, mpaka nikaona wivu. Baadaye nesi wa kliniki ndiye aliyenieleza: kichanga anaona vizuri kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka machoni pake. Ni kama urefu wa rula ya shule, na ndio umbali wa uso wako anaponyonya. Zaidi ya hapo kwake ni kama Kisiwa cha Saanane ukikitazama asubuhi ya ukungu.

Kwa hiyo mwanasesere ni uso wako. Mlaze mapajani hivi, kiganja kimoja nyuma ya kichwa na shingo, maana shingo bado haina nguvu. Inama. Subiri macho yakutane na yako. Sasa sogeza kichwa pole pole kulia... pole pole, mama, usimkimbize... mmeona? Anafuata! Anakatika katikati, anapotea, anarudi. Akikupoteza rudi mbele yake, usimgeuze yeye. Unaweza pia kutoa ulimi na kungoja. Wapo wanaojibu kwa kutoa wao, wapo wanaokutazama tu kama umechanganyikiwa. Vyote sawa.

Oh! Pole, mwanangu, pole. Huo ni mlango, umebamizwa na upepo wa ziwani. Mmeona alivyorusha mikono yote na kutanua vidole? Wengi wanadhani mtoto ameogopeshwa na kitu kibaya. Ni mshtuko wa kawaida wa vichanga, na kadiri miezi inavyokwenda unapotea. Mlazie mkono kifuani, mkusanye mikono yake, anatulia.

Nne, ongea naye. Sauti yako aliizoea tangu tumboni, hivyo huanzi upya. Msimulie chochote, bei ya sato, mvua ya jana ilivyopiga bati. Bibi yake akija anamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!", halafu ananyamaza kama anangoja kuitikiwa. Huko kunyamaza ndiko ninakotaka mkuige. Sema neno, mwachie nafasi. Akiguna au akipiga teke, hilo ni jibu lake, nawe mjibu.

Tano ni zamu ya baba. Wababa hulalamika hawana maziwa, sasa watoe kifua. Vua shati, mtoto abaki na nepi tu, mlaze kifua kwa kifua, kichwa kageuzia upande, pua iwe wazi, kidevu kisibanwe. Funika mgongo wake kwa kanga. Ndiyo njia ya kangaruu wanayofundishwa wazazi wa watoto njiti, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, ila mtoto aliyetimia miezi naye anaifurahia. Weka mgongo kwenye kochi, lakini usisinzie naye hapo. Usingizi ukikujia, mlaze chali kitandani kwake ndani ya chandarua.

Na tafadhali, kumrusha juu na kumtikisa ni marufuku, hata kwa utani wa mjomba. Kutikiswa kunaumiza ubongo. Kama kilio kimekuzidi, mlaze chali mahali salama, toka nje upumue dakika chache, kisha rudi. Na akikataa kunyonya, akilegea isivyo kawaida, au joto likifika nyuzi 37.5, acheni michezo, mkimbizeni hospitali.

Tabasamu la kukulenga wewe msilidai sasa, huja karibu wiki ya sita. Haya ya usingizini bibi anasema anacheka na malaika.

Sasa tazameni: amegeuza uso. Kapiga chafya, kapiga miayo, na kwikwi hiyo inaanza. Anasema imetosha. Mwanzoni nilizoea kumfuata upande aliogeukia nikidhani anatania, akaishia kulia nusu saa. Siku hizi akigeuka nanyamaza, nambeba begani. Dakika saba zimetosha leo. Baba yake, vuta hilo pazia, kisha zima simu.