Nimepiga fidla usiku kucha na Wamarekani milimani, ila kwanza niliaibika

Hodi hodi watazamaji wangu, asalam aleikum, shikamooni wakubwa wote mnaoangalia. Samahanini kwa mwanga, hii ni taa ya kichwani nimeining'iniza kwenye kamba ya hema, na hizo sauti mnazozisikia nyuma sio redio, ni watu. Ngoja nigeuze kamera... mmewaona? Fidla tatu, banjo mbili, gitaa moja na yule mama aliyesimama na besi kubwa kumpita yeye, wamejibanza chini ya turubai, mvua imenyesha tangu alasiri, miguu yote matope na hakuna anayeshughulika.

Hapa ni West Virginia, panaitwa Clifftop, milimani kabisa, kutoka kwangu North Carolina nimeendesha karibu masaa manne. Tangu 1990 kila mwaka mwisho wa Julai kuingia Agosti wapigaji wanakuja kupiga kambi hapa, na mahema, na majiko, na watoto. Muziki wenyewe wanauita oldi taimu, sisi tungesema zilipendwa, ila hizi zilipendwa za zamani kweli kweli, nyingi za kabla ya redio, za kuchezwa majumbani baada ya kumenya mahindi. Na tafadhali msichanganye na blugrasi, mana najua kuna mtu saa hivi vidole vinamwasha anataka kuandika hapo chini kwamba anaijua. Blugrasi imekuja miaka ya 1940 na kina Bill Monroe na Earl Scruggs, ile mtu anasogea mbele anaonesha ufundi wake, wenzake wanampisha, halafu anakuja mwingine. Huku hakuna kupishana, na mimi hilo nimelijua kwa aibu.

Basi jana usiku ndo nimefika, nimetoa fidla yangu, wale mnaonifuata zamani mnajua nimejifunzia nyumbani Unguja, kwenye taarab, nikasogea kwenye duara moja nikaomba kwa ishara, mzee mmoja mwenye kofia akanivutia kiti. Kiti chenyewe kile cha kukunja, mguu mmoja umepinda. Wakaanza nyimbo, nikaisikiliza mara mbili tatu nikaishika, sio ngumu, ina sehemu mbili tu, ya kwanza unaipiga mara mbili, ya pili mara mbili, unarudi mwanzo. Nikapiga nao. Wakarudia. Wakarudia tena. Kufika mara ya sita hivi mimi nikajiambia sasa hawa si wananingoja mgeni nioneshe kitu? Wallahi nikafumba macho nikaachia taksim, ile ya kupiga peke yako unabuni papo hapo, nikapamba, nikateleza na ule uzi wa juu kama niko na ganuni, lile la nyuzi nyingi la taarab, nyuma yangu. Nilivofumbua macho, jamani. Hakuna aliyenuna, hawa watu wana adabu, ila yule wa banjo alikuwa anaangalia viatu vyake na mwenye gitaa anatabasamu lile tabasamu la mtu aliyeona mtoto kamwaga uji.

Nyimbo ilipoisha yule mama wa besi akanijia polepole akaniambia, mwanangu fidla yako tamu, lakini hapa hatusikilizi mtu, tunaisikiliza nyimbo. Nikasema sawa mama, nisamehe. Akacheka, akanipa kahawa.

Sasa ngoja niwaeleze vinavyokwenda, mana baada ya hapo nilikaa nikatazama kwanza kama saa nzima, na hii ndo sehemu iliyonifurahisha kuliko zote. Mwenye fidla ndo anashika nyimbo. Wakiwa wengi wote wanapiga nyimbo ile ile kwa pamoja, sio kwa zamu, na tofauti zao ni ndogo sana, huyu kavuta upinde kidogo, yule kakata. Banjo anatembea naye bega kwa bega, nyimbo hiyo hiyo ila kaivunja vunja kwa mdundo. Gitaa kazi yake ni uzi mnene kisha mkwaruzo, uzi mnene kisha mkwaruzo, basi, usimletee mambo mengine. Besi anaweka mguu chini. Na nyimbo moja wanaizungusha hata dakika 10, mara 15, mara 20, mimi mwanzo nikidhani wamesahau kumaliza. Kumbe zile za mwanzo kila mtu anaitafuta tu, mmoja yuko mbele, mwingine anakwaruza pembeni, halafu kama mara ya nane hivi kuna kitu kinashikana, huwezi tena kusema hii sauti ya huyu na hii ya yule, na hapo ndo hawataki kuacha. Aliyeianzisha ndo anayeimaliza, hasemi neno, ananyanyua mguu mmoja juu hivi, kila mtu anajua hii ndo ya mwisho. Mguu tu! Yule mzee wa kofia kanyanyua mguu mara moja kumbe anajikuna, watu wakasimama nusu yao.

Af kuna habari ya kutyuni, kulinganisha nyuzi. Duara likiwa kwenye ki ya A, yani A ndo sauti ya nyumbani ya nyimbo, linabaki A hata masaa mawili, mana banjo kuhama ki ni kukaza na kulegeza nyuzi upya, na mtu akija akasema twende D utasikia wenye banjo wote wanavuta pumzi kama wameambiwa wahame nyumba. Fidla nayo kwenye A wengi hawaiachi ilivyo, nyuzi mbili nene wanazipandisha, G inakuwa A, D inakuwa E, ikawa A E A E, ukigusa moja zinaitikia zote. Mimi fidla yangu sijawahi kuifanyia hivyo maisha yangu yote, nitakuja hapo.

Halafu banjo lenyewe. Watu weusi wengi hapa Marekani na hata sisi tukiona banjo tunaona mzungu wa shamba. Lakini tazameni huo uzi wa tano, ule mfupi unaoanzia katikati ya shingo, unapigwa na dole gumba tu. Wajola wa Gambia na Senegal wana chombo kinaitwa akonting, kibuyu kimewambwa ngozi, nyuzi tatu, na mmoja ni huo huo mfupi wa dole gumba, na nyuzi wanazipiga kwa kushusha ukucha, kama wanavyopiga hawa hapa, mkono umekunjwa mfano wa nyundo ile ya kung'olea misumari. Banjo limetengenezwa na Waafrika waliokuwa utumwani. Sio watu wa pwani yetu, nisije nikajipachika sifa za watu, hao ni wa magharibi, ila ni letu la bara.

Na bendi za nyuzi za watu weusi zilikuwepo tele Kusini huku. Miaka ya 1920 makampuni ya santuri yalipokuja yakagawa katalogi mbili, mweusi arekodi bluzi, mzungu arekodi nyimbo za milimani, mweusi mwenye fidla hakuna wa kumrekodi, wakabaki wachache sana kwenye santuri, na watu wakaja kuamini hawakuwahi kuwepo. Huko kwangu North Carolina mji wa Mebane alikuwepo mzee Joe Thompson, fidla, kazaliwa 1918, alikuwa akipiga na binamu yake Odell kwenye banjo. Mwaka 2005 vijana watatu weusi, Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson, wakawa wanamwendea nyumbani kila Alhamisi kukaa na kupiga naye, hawakusomeshwa kwa daftari, walipiga tu mpaka ikaingia. Hao ndo Carolina Chocolate Drops, wakaja kupata Grammy 2011. Mzee kafariki 2012.

Hata hii kambi ninayokanyaga matope yake, inaitwa Camp Washington-Carver, ilifunguliwa 1942 kwa ajili ya vijana weusi, wakati ule kambi zilikuwa za kubaguana. Leo nimezunguka tangu asubuhi nikahesabu weusi wenzangu, sikumaliza vidole vya mikono. Naacha hapo.

Ami yangu nilimpigia mchana kabla mtandao haujakata, nikamwelezea kuhusu besi. Yeye kidumbak, ile taarab ya mitaani yenye ngoma ndogo za dumbak, amepiga miaka na miaka Ng'ambo kwetu Unguja, sanduku, lile la majani ya chai lenye fimbo na uzi mmoja. Nikamwambia ami, hata hawa zamani kuna waliokuwa wanageuza beseni la kufulia wanaweka fimbo na uzi. Kimya. Akasema, na fidla wanayo? Nikasema wanayo. Akasema basi hao wanapiga kidumbak, wamekosa dumbak tu.

Mlioniuliza kama wanalipwa, hapana. Kuna mashindano na zawadi mchana jukwaani, lakini wengi ninaowaona hata jukwaani hawajafika, wako kwenye mahema.

Haya, ananiita yule mzee wa kofia, anauliza nakuja au nitabaki kuongea na simu. Wako A bado. Sasa hii G naipandisha, na uzi wa akiba sina, ukikatika mtausikia... ngoja... polepole... bismillah... eh, umeshika. Bado D. Nazima kamera.