Kigutu si Uchafu

Assalamu alaikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioketi karibu na mlango.

Nimekuja na gogo. Lipitisheni. Ni shina la mzabibu, nimelipasua katikati. Hapo juu palikatwa tawi nene: tazameni ukavu ulivyoteremka ndani kama kabari, wa kahawia. Kwa nje gome zima, majani tele. Mwenye mzabibu ni mimi, na msumeno ulikuwa wangu.

Mtu akikatwa, nyama huota. Mzabibu hauoti nyama. Huziba njia za utomvu pale, sehemu ile ikafa, wenyewe ukaishi kandokando. Tawi likiwa nene, kifo huingia ndani zaidi. Na kuvu ya maradhi ya eska hupitia mlango huohuo, ikibebwa na mvua na upepo.

Ufaransa walikuwa wakiipiga eska kwa dawa ya aseniki, ikapigwa marufuku mwaka 2001, maana ni sumu ya watu pia. Lakini tangu 1921 Mfaransa René Lafon alikwisha kueleza njia ya kupogoa iitwayo Poussard, ya kule Charente, magharibi mwa Ufaransa: vidonda vyote vikae upande wa juu wa mkono wa mzabibu, utomvu upite chini bila kukatizwa. Basi.

Wenzetu wale hupogoa wakati wa baridi, mzabibu umelala, hauna jani. Huku kwetu haulali. Dodoma huuanzisha upya kwa makasi, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Sisi wa Malindi tushike kaskazi, jua kali, kabla masika hayajaanza.

Kata vijiti vichanga, vya unene wa kidole. Acha macho mawili, pale panapochipua. Ukilazimika kukata tawi la zamani, usilikate likalingana na shina. Acha kigutu, kipande cha tawi hilo, urefu wake usipungue unene wa tawi lenyewe. Ukavu utaishia humo humo. Mwakani kikikauka, kiondoe.

Najua wengi wenu mnatunza bustani za Wataliano, na bosi akiona vigutu atadhani umevivia kazi. Mwambie aulize kwao. Wakulima wa zabibu huko wanakijua kigutu hiki.

Haya, gogo limerudi? Uko mzabibu nje, kwenye chanja. Nani kaja na makasi?