Nani Alibaki na Mwari?

Ndugu zangu, wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi: usiku wa Tambiko la Kumi na Moja, ukeketaji wa wasichana wa miaka 11 katika riwaya nitakayoizungumzia. Riwaya ya Nnedi Okorafor, Who Fears Death, ipo mikononi mwenu tangu 2010, kwa hiyo siisimulii. Ila kila anayenieleza habari zake huanza na jangwa, na mashine za kukamua maji hewani, na kompyuta zilizosalia baada ya dunia kuharibika. Binti mwenyewe mmemwacha wapi?

Onyesonwu ana miaka 11. Ni ewu, mtoto aliyezaliwa kwa ubakaji, na mji wa Jwahir unamwona nuksi. Mama yake, Najeeba, hautaki ukeketaji kabisa. Hakuna aliyemburura mtoto huyu. Anatoroka nyumbani usiku, kwa miguu yake, aende akakae mbele ya kisu. Kwa nini? Anataka kuwafutia wazazi aibu. Anataka naye ahesabiwe. Na usiku ule ule, damu haijakauka, anapata asichowahi kupata: wenzake watatu, Luyu, Binta na Diti. Wanaambiana siri zao, wanakuwa rika moja. Hapo nawaomba mtulie, msikimbilie uchawi wa sura za mbele. Waliomdhulumu kwa kisu ndio waliompa watu.

Kuna atakayesema namtetea ngariba. Hata kidogo! Tanzania imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu 1998, Kenya ikatunga sheria yake 2011, nami naziunga mkono zote mbili. Ninachouliza ni hiki: kisu kikiondoka, mwari anabaki na nani? Watharaka wa Kenya walijibu mwaka 1996 kwa Ntanira na Mugambo, tohara ya maneno. Wasichana walikaa ndani, wakafundwa, wakatolewa nje kwa nyimbo na zawadi, wembe haukuwagusa. Kwingine tumepeleka askari peke yake, halafu tunashangaa binti akijipeleka mwenyewe.

Wala msiniambie ni hadithi tu. Ile ni Sudan ya kesho, na habari za vita vya Darfur alizosoma mwandishi zilichangia kuizaa.

Nilitaka nimfikie Aro, mchawi anayemnyima elimu kwa kuwa ni msichana. Muda umekwisha, mtaniuliza. Lakini hili lazima niliseme: Onyesonwu anapoondoka Jwahir kuelekea magharibi, watu wa kabila la mama yake wanakouawa, Luyu, Binta na Diti wanafungasha na kwenda naye. Na huko jangwani anawarudishia miilini kile walichokatwa usiku ule.