Mbuzi Yuko Wapi?

KHERI: Karibuni tena kwenye mazungumzo yetu ya sanaa ya nyuzi. Dada Saada leo kanuna, na sababu naijua.

SAADA: Sijanuna. Ninawaza.

KHERI: Basi waambie unawaza nini.

SAADA: Ile kazi yangu ya katani ambayo mmechoka kunisikia nikiilalamikia humu, wiki hii nimeitundika kwenye maonyesho. Akaja mzee mmoja, mtu mwenye heshima zake, akaizunguka polepole, akashika ncha ya chini, akaniuliza: "Mbuzi yuko wapi?"

KHERI: (anacheka) Huyo mzee nampa mkono! Lakini dada, si kweli ile ni kamba?

SAADA: Ilikuwa kamba. Nikaifumua, nikailoweka usiku kucha, nikaichambua uzi mmoja mmoja. Katani kavu inakukwaruza viganja, ikilowa inakubali, halafu ikikauka inabaki vile ulivyoikunja. Msanii Magdalena Abakanowicz wa Poland alikuwa akikusanya kamba kuukuu, anazifumua, anazitia rangi, anafuma mambo makubwa kuliko mtu, yananing'inia katikati ya ukumbi. Mwaka 1965 akapewa medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya São Paulo, Brazil.

KHERI: Na hakuna aliyemuuliza habari za mbuzi?

SAADA: Kwa ukubwa ule wangemuuliza tembo.

KHERI: Yako umeipa jina gani?

SAADA: Haina jina.

KHERI: Iite "Mbuzi Katoroka".

SAADA: Umechelewa. Msimamizi wa maonyesho alimsikia mzee, kesho yake nikakuta kibandiko ukutani: "Mbuzi Yuko Wapi, katani, nili."

KHERI: (anacheka sana) Usikitoe! Kwanza hiyo nili inamfaa, mbuzi wa buluu.

SAADA: Kheri, twende kwenye mada.

KHERI: Haya. Msanii wa nyuzi anaipataje lugha yake mwenyewe, yaani mtindo wa kumtambulisha? Nimeandika mambo matano. La kwanza, badilisha malighafi...

SAADA: Hapana.

KHERI: Hata sijamaliza sentensi!

SAADA: Kaa na kitu kimoja mpaka mzoeane. Leo sufu, kesho pamba, keshokutwa waya, mkono utajua saa ngapi kwamba uzi umeanza kukataa? Mimi nasokota kuelekea kulia, na nikiunganisha nyuzi mbili lazima nizungushe kushoto, la sivyo zinaachana. Siku nyingine naacha makusudi ziachane. Hiyo michano mnayoiona kwenye kazi zangu ilitoka humo, wala sikuikalia nikaipanga.

KHERI: Ungeiona mapema zaidi kwenye sufu. Badilisha kila kitu, kitakachobaki ndicho chako. El Anatsui, yule msanii wa Ghana, alichonga mbao, akafanya udongo, ndipo akafika kwenye vizibo vya chupa na waya wa shaba.

SAADA: Na alipofika, akakaa.

KHERI: Alifika kwa sababu alihama! Mchukue Sheila Hicks basi, msanii wa nyuzi wa Marekani. Vile vipande vyake vidogo anavyofuma tangu miaka ya 1950, ndani mna kamba za viatu, manyoya ya ndege, kola za mashati.

SAADA: Na vyote kavifuma kwenye fremu ndogo ya mbao. Ahsante kwa kunisaidia.

KHERI: Fremu si malighafi, dada.

SAADA: Ni mpaka. Mtu ajiwekee mpaka.

KHERI: Ulianza na malighafi, sasa mpaka. Shika moja.

SAADA: Nimeshika katani.

KHERI: Ndiyo maana unaulizwa mbuzi!

SAADA: Na wewe uliyejaribu kila kitu, kazi yako nikiikuta bila jina nitaitambua?

KHERI: ...Utaitambua.

SAADA: Kwa lipi?

KHERI: Rangi.

SAADA: Rangi za dukani.

KHERI: Nazichanganya mwenyewe! Sikiliza, hapa hatutakubaliana.

SAADA: Sikuomba tukubaliane.

KHERI: Fundi mitambo ananionyesha dakika mbili. Nina mambo manne hapa sijayagusa.

SAADA: Soma la pili.

KHERI: La pili linategemea la kwanza, na la kwanza umelikataa.

SAADA: Basi kunja karatasi, waage watu.