Upana wa Mshipa na Presha: mhadhara wa fizikia ya damu, Iringa

Kamwene! Haya, asanteni kuja na baridi hii, wa nyuma sogeeni maana sina maiki, wazee wangu wa Kihesa naona mmewahi kuliko wanafunzi, nawashukuru sana.

Leo naongelea kitu kimoja, upana wa mshipa. Watu wengi wakiskia presha wanawaza moyo tu, au wanasema fulani ana damu nyingi, wakati kazi kubwa inafanyika kwenye vimishipa ambavyo hata huvioni. Moyo wa mtu mzima aliyetulia unasukuma kama lita 5 kwa dakika, na damu yote mwilini ni kama hizo hizo lita 5, kwahiyo dakika moja hivi imeshazunguka yote. Sasa nani anaamua misuli ipate kiasi gani na tumbo lipate kiasi gani? Ni upana.

Kulikuwa na daktari Mfaransa, Poiseuille, miaka ya 1840 huko, alitaka kuelewa damu inavyopita kwenye mishipa myembamba kabisa, akawa anapitisha maji kwenye vimirija vya kioo, anabadilisha presha, urefu, upana, anapima. Akakuta presha ikiongezeka mara mbili maji yanatoka mara mbili, sawa, hiyo hata mtoto angekisia. Mrija ukirefuka mara mbili yanatoka nusu. Ila kwenye upana ndo kuna balaa, mrija ukipanuka mara mbili maji hayatoki mara mbili wala mara nne, yanatoka mara 16! 2 mara 2 mara 2 mara 2. Andikeni hiyo.

Sasa geuza. Mshipa ukipungua upana kwa asilimia 20 tu, kwa macho utaona kama hakuna kitu, lakini piga 0.8 mara 0.8 mara 0.8 mara 0.8 unapata 0.41, yaani damu inayopita imebaki asilimia 41, zaidi ya nusu imeondoka. Ukitaka irudi ilivyokuwa itabidi presha ipande karibu mara mbili na nusu, na huo mzigo nani anaubeba kama sio moyo? (Mwalimu mwenzangu pale anatikisa kichwa, najua, mshipa wa kweli unatanuka na damu inaenda kwa kudunda, sio mrija wa kioo, hesabu haikai sawasawa kabisa, lakini mwelekeo ni ule ule.) Ateri ndogo ndogo zina misuli kwenye ukuta wake, zikibana kidogo mwili mzima presha inapanda, na dawa kama amlodipini kazi yake ndo hiyo, kuilegeza misuli ile.

Kupima je? Njia hii aliitoa daktari Mrusi, Korotkoff, mwaka 1905. Nesi anakufunga mkanda, anajaza upepo mpaka ateri ya mkono imefungwa kabisa, kimya. Anaachia taratibu, stetoskopu iko kwenye kiwiko upande wa ndani. Presha ya mkanda ikishuka kidogo tu chini ya presha ya juu, yaani ile ya damu moyo unapopiga, damu inachoropoka kwa vipindi kwenye njia iliyobanwa, inavurugika, ndo zile tu, tu, tu unazoskia, hapo anasoma tuseme 120. Akiendelea kuachia mshipa unafunguka wote, damu inatulia, sauti inapotea, anasoma 80, hiyo ndo presha ya chini, moyo ukiwa umepumzika kati ya pigo na pigo. Damu inayopita kwa utulivu haina kelele.

Na jamani mkono uwe usawa wa moyo! Kila sentimita 10 chini ya moyo zinaongeza karibu milimita 8 za zebaki, ndo kipimo cha zile namba 120 na 80, ni uzito wa damu yenyewe. Mkono ukining'inia sentimita 20 chini, mtu wa 130 anasomeka 145 na anaweza kuanzishiwa dawa bure. Nendeni Ruaha mkamwangalie twiga, ubongo wake uko kama mita 2 juu ya moyo, kuipandisha damu tu mpaka kule inataka milimita 150 hivi, ndo maana presha yake ni karibu mara mbili ya yetu na hiyo kwake ndo afya.

Dada wa Makete kauliza, kule kwao juu hewa ni nyepesi, je presha ya damu haishuki? Hapana dada yangu. Mashine inapima damu imeizidi hewa ya nje kwa kiasi gani, na hewa inaukandamiza mwili wote sawa, kwahiyo inajifuta. Kinachobadilika ni kingine, oksijeni ikipungua figo zinatoa homoni, uboho wa mifupa unatengeneza chembe nyekundu zaidi, damu inakuwa nzito kidogo, nzito kama uji, sio uzito wa kilo. Ila uzito huo kwenye hesabu ya Poiseuille unaingia mara moja tu, sio mara nne kama upana, kwahiyo damu ikiwa nzito kwa asilimia 10, mishipa ikipanuka asilimia 2 na nusu tu imeshafidia yote.