Testi iseme yenyewe inachopima

Karibuni jamani, wa mlangoni sogeeni ndani viti bado vipo. Leo ni faktori za data za majaribio, yaani kodi inayozitengenezea testi zetu data ya kupimia programu, na mfano wetu ni mfumo wa kupokea samaki hapa mwaloni Kirumba, kila mtu Mwanza anapajua. Tunatumia Django, fremuweki ya Python, na modeli tatu, yaani aina tatu za rekodi: Mvuvi, Mtumbwi na Samaki. Samaki ana mtumbwi wake, mtumbwi una mvuvi wake, na mvuvi ana namba ya simu ambayo hairuhusiwi kujirudia kwenye databesi.

Sasa sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kwa hiyo mfumo umkatae, na wewe unataka kupima hicho tu. Bila faktori utaanza na mvuvi, jina, simu, kijiji, halafu mtumbwi na usajili wake, halafu ndo umfikie samaki, mistari kibao na anayekuja kusoma hajui kipi hapo ndo chenye maana. Ukitumia factory_boy, maktaba ya Python ya kutengeneza faktori, unaandika SamakiFactory(aina="sangara", urefu_cm=49) basi, mtumbwi na mvuvi vinatengenezwa huko ndani na SubFactory, yaani faktori moja kuita nyingine. Jicho linaenda kwenye 49 moja kwa moja. Andika na ya pili yenye 50 maana mpaka uko hapo.

Hapa naomba mnisikilize sana. Mtu kaweka urefu 60 ndani ya faktori, testi yake inaita SamakiFactory() tupu halafu inategemea samaki apokelewe. Siku mwenzake akibadilisha ile 60 kuwa 45 kwa sababu zake, testi kibao zinafeli na hamna anayeelewa kwa nini! Testi kama inategemea urefu, iutaje urefu. Faktori ijaze vile tu ambavyo bila hivyo modeli haihifadhiki, mambo ya picha na maoni achana nayo.

Simu wekea Sequence, inayoongeza namba kila mara, kila mvuvi anapata yake. Faker, inayobuni data yenyewe, iko poa kwa majina, ila isiguse kinachopimwa kwa sababu inabahatisha, leo testi inapita kesho inafeli.

Dada pale nyuma anauliza kwa nini tusitumie fixture. Swali zuri dada. Fixture ni faili la data lililoandikwa tayari, ukiongeza safu ya lazima kwenye Mvuvi inabidi upitie rekodi zote za wavuvi humo ndani, kwenye faktori unagusa sehemu moja. Kwa data isiyobadilika, mfano orodha ya mikoa, fixture inatosha kabisa.

Na faktori unaweza kuiita kwa njia mbili: create inaandika kwenye databesi, build inakupa objekti kwenye memori tu. Kanuni yetu ya urefu haihitaji databesi, tumia build, testi zitakuwa nyepesi.

Wa Laravel, fremuweki ya PHP, faktori mnazo humohumo, wa Rails, ile ya Ruby, chukueni factory_bot, ile iliyoitwa factory_girl mpaka 2017.

Haya fungueni laptop, anzeni na MvuviFactory, jina na simu tu, ukikwama nyoosha mkono nakuja.